Mitego ya Zambarau

Kwanza tuelewane. Mambo haya hayakutokea kwenu. Kwenu, najua, wagonjwa wanatibiwa, ripoti zinasema kweli, na viongozi wanalala nyumbani kwao kitandani, si mikutanoni mchana kweupe. Haya yalitokea katika nchi moja ya mbali ambayo sitaitaja jina, maana nina watoto wa kulea. Ukiona kitu kinafanana na unachokijua, hayo ni macho yako, mimi usinitie humo.

Katika nchi hiyo alikuwepo mtafiti wa magonjwa aitwaye Dakta Zawena Lihawa. Mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa mkono mmoja kwa uzi wa kushonea, na uwongo hajui kusema hata ule wa kumsaidia. Wenzake aliosoma nao walikwenda mjini kupima presha za mawaziri, wakanenepa, wakapata makochi ya ngozi. Yeye akachagua malale. Kwa asiyeyajua, malale huletwa na mbung'o, yule nzi mkubwa anayeuma mpaka kupitia shati. Akishakuuma, vijidudu huingia kwenye damu, tezi za nyuma ya shingo huvimba, kisha vijidudu vinapanda kichwani na mtu anaanza kusinzia. Anasinzia anakula, anasinzia anaongea, na siku moja haamki tena. Wakati mwingine inachukua miaka. Usipotibiwa unakufa, hakuna mjadala.

Wizara ya Afya na Habari Njema ilimpeleka Mkwindi, kijiji cha ukingoni mwa mto Lukwembe, pamoja na daktari mwenzake aliyetoka chuoni mwaka huo, Methusela Kapande. Kapande alifika na viatu vyeupe. Hata hatua kumi hajatembea, mwanamke mmoja mfinyanzi, mikono imejaa udongo, akamfuata na badala ya kumpa mkono akamshika nyuma ya shingo. Kapande aliruka!

"Tulia, mwanangu," yule mama akasema. "Ndivyo tunavyosalimiana hapa."

Na kweli ndivyo. Akina mama wa Mkwindi walikuwa wamezika watoto mpaka wakajifunza wenyewe, bila kusomea popote, kwamba ugonjwa huanzia shingoni. Kwa hiyo kila asubuhi waliwapapasa watoto. Watoto wakakua wakaendelea kupapasana, na baada ya muda ikawa ndiyo salamu. Huku kwingine watu wanasema "habari za asubuhi". Mkwindi unashikwa shingo, na ikiwa laini unaambiwa "tumeamka". Mfinyanzi huyo aliitwa Mama Sikitu. Mgongoni alikuwa na Sikitu, mtoto wa miezi minne. Kaka yake Sikitu alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia.

Wanakijiji waligoma kutoa damu. Walikuwa na haki yao, maana serikali ilipokuja mara ya mwisho kuchukua kitu cha majaribio ilichukua mbuzi. Hapo, lazima niseme ukweli, Kapande alifanya jambo la kiume. Alikunja shati, akanyoosha kidole mbele ya watu wote, akasema, "Dada Zawena, anza na mimi."

Zawena akamtoboa Kapande, Kapande akamtoboa Zawena, na watu wakacheka, wakapanga foleni. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria yao ya kazi: kila msimu, kabla ya kumgusa mwanakijiji, "tuanze na sisi". Na Kapande akaongeza ahadi ambayo hakuna aliyemwomba.

"Dawa nzuri ikipatikana," alisema, "itaanzia hapa Mkwindi. Na sisi wawili tutakuwa wa mwisho kwenye foleni."

Mama Sikitu aliitikia kwa niaba ya kijiji kizima. Akawapa chumba, akawapikia, na akaanza kumwita Kapande mwanangu, na Zawena binti yangu. Walikaa hivyo miaka kumi na minane, wakitoka na kurudi kila msimu, wakila ugali kwenye chungu alichofinyanga yeye.

*

Miaka kumi na minane ya damu ya Mkwindi haikwenda bure. Watafiti wa ng'ambo walisoma matokeo ya Zawena na Kapande, wakaridhika, wakatuma dawa. Tena si zile sindano za zamani za kumlaza mtu hospitali mwezi mzima akilia. Hivi vilikuwa vidonge vya kumeza siku kumi, basi. Maboksi yakafika, yakatosha kijiji kizima, yakafungiwa kwenye stoo ya Wizara. Zawena alilia kwa furaha. Wizara ikasema inafurahi pia, ila kabla ya kutoa dawa inaomba takwimu mpya za mbung'o, kwa kuwa zile za mwaka jana ni za mwaka jana.

Haya, takwimu zikatafutwa. Zawena na Kapande walitundika mitego mia na ishirini kando ya mto. Mtego wa mbung'o ni kitambaa tu kilichoshonwa na neti juu yake, na kitambaa chenyewe lazima kiwe cha bluu, kwa sababu mbung'o hupenda bluu. Kwa nini? Mwulizeni mbung'o.

Siku ya tatu akatokea Mkuu wa Mkoa, Kanali mstaafu Machupa, na magari manne na askari. Alishuka, akatazama ule msururu wa vitambaa vinavyopepea, akashika kiuno.

"Hizi bendera za nani?"

"Si bendera, Mheshimiwa," Zawena akajibu. "Ni mitego ya mbung'o."

"Mbona bluu?"

Hapo msomaji inabidi ujue kwamba katika nchi hiyo bluu ilikuwa rangi ya chama cha upinzani, chama ambacho kiliwahi kupata kiti kimoja bungeni, mpaka kiti chenyewe kikatolewa kikapelekwa kwa fundi seremala. Chama Tawala kilikuwa na rangi ya zambarau.

"Mbung'o anapenda bluu, Mheshimiwa."

"Tangu lini?"

"Tangu aumbwe."

"Kumbe!" Kanali aligeukia askari wake kwa uchungu wa kweli. "Mnasikia? Mdudu anaishi kwenye nchi yenye amani, anakunywa damu ya wananchi wetu bila kubughudhiwa na mtu, halafu moyo wake uko upinzani. Shusheni hizi takataka!"

Mitego mia na ishirini ikapandishwa kwenye gari ikapelekwa mahabusu. Mafundi wa chama wakashona mingine mia na ishirini, ya zambarau, yenye picha ya Mtukufu Kiongozi anayetabasamu. Zawena alieleza kwamba mbung'o hawataingia. Alieleza taratibu, akaeleza kwa michoro, akaeleza mpaka sauti ikakauka.

"Wataelimishwa," Kanali akasema.

Na waliitishiwa mkutano, jamani, msidhani natania. Kanali alisimama ukingoni mwa Lukwembe na kipaza sauti, akawahutubia mbung'o saa nzima kuhusu umoja, utulivu na mafanikio ya awamu hii. Waliitikia wito kwa wingi. Walimuuma mara saba, na alipopanda gari alimwambia mwandishi wa habari kwamba wadudu wameonyesha ushirikiano.

Mitego ya zambarau ikakaa msimu mzima. Ilinasa kipepeo mmoja, popo wawili na kofia ya mvuvi. Mbung'o, sifuri. Watu wakaendelea kuumwa mtoni kila siku chini ya tabasamu la Mtukufu Kiongozi, na kwenye karatasi ikawa sifuri, sifuri, sifuri.

Zawena aliandika ripoti kwa uaminifu. Mwisho kabisa, kwa mkono wake, akaandika sentensi hii: "Sifuri hii ni ya rangi ya mitego, si ya mbung'o, mbung'o wapo na malale yapo." Kapande ndiye aliyekuwa anakwenda mjini. Akaisoma mara mbili, akaikunja ripoti, akaitia mfukoni upande wa moyo.

"Dada, sentensi hii haiguswi na mtu. Hata Waziri mwenyewe."

"Naapa wewe utaniponza, Kapande."

"Mimi? Mimi mdogo wako?"

Mama Sikitu alimshika shingo ya kuagana, akamwambia asafiri salama.

*

Wiki tatu baadaye Zawena alikuwa amekaa nyumbani kwa Mama Sikitu, anamsaidia kukanda udongo, redio inaongea pembeni. Nyimbo zikakatika. Mtangazaji akasema, kwa sauti ile ya siku kubwa, kwamba kutokana na maono ya Mtukufu Kiongozi malale yametokomezwa nchi nzima, hakuna mbung'o hata mmoja, na kwamba ushahidi umeletwa na mtafiti bingwa, Dakta Zawena Lihawa, mwandishi mkuu wa ripoti. Taifa linampongeza. Aidha, Dakta Methusela Kapande ameteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Magonjwa Yaliyokwisha.

Ripoti yote ilisomwa hewani. Kila neno lilikuwa la Zawena. Ilikosekana sentensi moja tu.

Udongo ulimkaukia mikononi. Mama Sikitu akauliza polepole, "Binti yangu, umesema hatuumwi?"

"Sikusema hivyo, mama."

"Jina lako limetajwa."

"Limetajwa, lakini sikusema."

Mama Sikitu akarudi kwenye chungu chake. Na mimi nawaambia, Zawena aliwahi kuumwa na nge, aliwahi kuanguka na pikipiki, aliwahi kuachwa na mchumba kwa sababu ya harufu ya maabara. Vyote hivyo havikumuuma kama ule mgongo aliogeuziwa. Alimchukia Kapande siku hiyo. Na kwa kuwa alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja, kabla ya jua kuzama alikuwa ameanza kumtafutia sababu: pengine alitishwa, pengine karatasi ilipotea, pengine kuna mpango.

Kumbe utokomezaji una kazi yake. Malale yalipokwisha, waliokuwa wanasinzia walitakiwa wasinzie kwa sababu nyingine. Wizara ikatoa waraka kwamba hali hiyo sasa itaitwa Uvivu Sugu. Akaja Ofisa Maendeleo kutoa semina ya siku mbili, mada ikiwa "Amka, Ujitume". Aligawa saa za kengele. Katika kijiji cha Mkwindi, asubuhi saa kumi na mbili, zililia saa mia tatu kwa pamoja na waliokuwa wanakufa hawakuamka.

Mwaka huohuo Sikitu alianza kusinzia. Alikuwa amefikisha miaka kumi na tisa, binti mcheshi, mikono ya mama yake kabisa. Vyungu vyake vilikuwa vinagombewa mpaka vijiji vya jirani. Asubuhi moja mama yake alimshika shingo kumwamsha, na mkono wake ukabaki palepale. Hakusema "tumeamka". Alikwenda moja kwa moja kwa Zawena.

Zawena alijitoboa kwanza, kisha akamtoboa Sikitu. Darubini ikasema kile ambacho wote watatu walishakijua.

Akamwandikia Mkurugenzi Mkuu barua, akiomba boksi moja tu la vidonge. Jibu lilikuja na mihuri mitatu:

"Wizara haiwezi kutoa dawa ya ugonjwa usiokuwepo kwa mgonjwa asiyekuwepo. Hata hivyo, Wizara inamtakia mgonjwa huyo asiyekuwepo apone haraka. Kazi iendelee."

*

Zawena alifunga darubini yake ndogo kwenye kanga, akapanda basi la siku mbili mpaka mjini.

Alimkuta Kapande kwenye kikao. Aliruhusiwa kukaa nyuma asubiri. Lo, ukumbi ule! Wakurugenzi arobaini kuzunguka meza moja, na wote wamesinzia. Mmoja anakoroma kidogo kidogo, mwingine amelalia ajenda, mwenyekiti anazungumza kwa macho yaliyofumbwa. Katika nchi hiyo ilikuwa kawaida. Ungekaa macho kikaoni ungeulizwa unatafuta nini. Lakini Zawena aliwatazama kwa jicho la kazi, na jicho la kazi halina adabu. Thelathini na tisa walikuwa wamelala. Mmoja alikuwa anaumwa. Mkono wa Kapande ulikuwa unatetemeka juu ya meza, kalamu imeanguka, na kola yake mpya ilikuwa imembana upande mmoja wa shingo.

Kikao kilipokwisha walikaa wawili ofisini. Kapande akaanza kujieleza, dada hivi, dada vile, hujui presha ya huku. Zawena hakumsikiliza. Alinyoosha mkono akamshika nyuma ya shingo, kama Mkwindi.

"Kapande. Una tezi."

"Ni uchovu, dada. Hapa kila mtu anasinzia. Ndiyo kazi yenyewe."

"Tuanze na sisi," Zawena akasema, akafungua kanga.

Alimtoboa kidole juu ya meza ya mninga, akaweka tone kwenye kioo, akatazama, kisha akamsogezea. Kapande hakuwa ameinamia darubini tangu apewe cheo. Alitazama muda mrefu. Vijidudu vilikuwa vinajinyonganyonga kati ya chembe za damu yake, vimejaa tele.

"Hawa ni wa Lukwembe," alisema. Halafu akalia, kilio cha mtu mzima kabisa, kamasi mpaka kwenye tai.

Zawena naye akalia. Hasira yote aliyokuja nayo siku mbili kwenye basi ikayeyuka. Alimwona tena yule kijana wa viatu vyeupe aliyekunja shati mbele ya watu.

"Dawa ziko stoo, mdogo wangu. Siku kumi tu. Na Sikitu naye anaumwa."

"Sikitu? Sikitu wetu?" Kapande alifuta macho. "Dada, nisamehe. Nipe wiki mbili. Nitaifungua ile stoo hata kama ni kwa meno. Sikitu wa kwanza, kisha kijiji, na mimi wa mwisho kwenye foleni. Si tuliahidi?"

Zawena alimwamini. Msimcheke, hata nyinyi mngeamini, alikuwa analia kweli. Akachukua karatasi ya Wizara, akamwandikia mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, jinsi ya kumeza: siku kumi, saa ileile, baada ya kula, usiruke hata siku moja. Akampa. Kapande akaikunja akaitia mfukoni upande wa moyo.

*

Wiki mbili zikapita, zikawa sita, zikawa miezi minne. Sikitu aliacha kufinyanga, akaacha kutembea, akawa anaamshwa ili ameze uji, na uji wenyewe ukimkuta amesinzia unamtoka mdomoni. Kila gari lililolia barabarani Mama Sikitu alitoka nje. Zawena alimwambia dawa zinakuja, Kapande ameahidi. Alisema hivyo mpaka neno lenyewe likamwonea aibu.

Mwishowe kweli magari yalikuja, na dawa zikaja. Zilikuja na bendi ya tarumbeta, mahema, zulia na Waziri, kwa ajili ya Sherehe ya Taifa ya Kuagana na Malale. Programu ilikuwa imechapwa vizuri. Kipengele cha nne: Dakta Lihawa kuvishwa nishani. Kipengele cha tano: Mheshimiwa Waziri kuteketeza dawa zilizobaki, kuuthibitishia ulimwengu kwamba taifa halizihitaji tena.

Kila mwanakijiji aliamriwa kuhudhuria, amevaa zambarau, bila kujali uvivu wake. Waliosinzia walibebwa. Sikitu aliwekwa kwenye kiti cha mstari wa mbele, akafungwa kwa kitenge asianguke, mama yake ameketi pembeni anamshikilia kichwa. Waziri alimwona akaguswa. "Tazameni utulivu wa wananchi hawa," alisema. "Binti huyu tangu nimeanza kuongea hajajitikisa. Hiyo ndiyo amani tunayoisema!"

Maboksi yalikuwa yamepangwa uwanjani, mraba mzuri, safu juu ya safu. Zawena aliyatambua kwa nembo. Aliona pia kwamba safu ya juu ilikuwa imepungua pembe moja, boksi moja halipo. Alidhani labda limeanguka njiani.

Kisha Kapande akasimama kuhutubia, na Zawena akaelewa.

Kapande alikuwa macho. Macho meupe, mkono umetulia kama wa fundi saa, sauti imejaa, kola imekaa sawasawa. Nyuma yake Waziri alikuwa ameshaanza kusinzia, Kanali Machupa kidevu kiko kifuani, meza kuu nzima imelala kama desturi. Aliyekuwa macho ni yeye peke yake. Alisema dakika arobaini bila karatasi. Alisema juu ya kujitolea, juu ya watafiti waliowatangulia wananchi katika kila sindano. Hakumtazama Zawena hata mara moja.

Alipoitwa kuvishwa nishani Zawena alikwenda. Alishika kipaza sauti.

"Dawa hizo ni za watu hawa," alisema. "Wanaumwa. Sikitu huyu anakufa, na dawa yake ni ile pale, msiichome. Kapande, waambie. Waambie wewe, si ulitazama darubini..."

Kapande akainua kidole kimoja, na bendi ikapiga tarumbeta. Ilipiga vizuri sana. Zawena aliendelea kusema ndani ya ile kelele, mdomo unafunguka na kufungika, mpaka askari wawili wakamrudisha kitini kwa heshima zote, nishani ikiwa imebandikwa tayari. Waziri akaamshwa. Akapewa kiberiti. Mafuta ya taa yalikuwa yameshamwagwa, na maboksi yakashika moto haraka, moshi ukaenda upande wa mto, watu wakaambiwa wapige makofi wakapiga.

Moto ulipopungua, Mama Sikitu aliegemeza kichwa cha binti yake vizuri kwenye mgongo wa kiti, akasimama. Askari wakasogea.

"Nakwenda kumsalimia mwanangu," akasema. "Salamu nayo imekwisha?"

Wakatazamana. Kwenye programu hakukuwa na kipengele cha kukataza salamu. Wakampisha.

Alipanda jukwaani na vidole vyake vyenye udongo. Kapande alitabasamu, kamera zilikuwepo. Mama akapeleka mkono nyuma ya shingo yake, akapapasa kulia, akapapasa kushoto, bila haraka. Alikuwa ameishika shingo hiyo msimu wa mwisho Kapande alipokuja kuaga, akaikuta na vinundu viwili, akanyamaza, maana alikuwa anakwenda ziliko dawa, akamwombea njia nzima. Sasa ilikuwa laini.

"Umepona, mwanangu," alisema, na kipaza sauti kilikuwa karibu, uwanja wote ukasikia. "Umepona nini?"

Mkurugenzi Mkuu wa Magonjwa Yaliyokwisha, mtu wa dakika arobaini bila karatasi, alitazama bendi, lakini wapiga tarumbeta walikuwa wameteremsha tarumbeta, nao wanangoja jibu.

Mama Sikitu hakusubiri. Akashuka. Nyuma yake akapanda jirani yake, akamshika Kapande shingo, akapapasa, akashuka. Akapanda mwingine. Hakuna aliyetoa amri. Watu wa Mkwindi walisimama mmoja mmoja na wakapanga foleni, ileile ya miaka kumi na minane, kimya, kila mmoja akifika anaweka mkono pale panapohusika, anaridhika, anampisha mwenzake. Kapande hakuweza kukimbia, kwa maana angekimbia nini, salamu? Alisimama, jasho linamtiririka, anasalimiwa. Alianza kulia kabla hawajafika nusu. Hakuna aliyemwuliza analia nini.

Mezani Kanali alizinduka, akaona foleni ndefu ya zambarau, akamwambia Waziri hayo ndiyo mahaba ya wananchi, na wote wawili wakarudi kulala.

Zawena alikuwa wa mwisho kwenye foleni, kama ilivyoahidiwa. Alifika, akanyoosha mkono, na Kapande akafumba macho kungojea mguso wake. Lakini mkono ulipita shingo, ukashuka mpaka mfukoni upande wa moyo. Akatoa karatasi. Ilikuwa imechakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa, na pembeni mwa mwandiko wake mzuri kulikuwa na alama za vema, moja kwa kila siku, kumi kamili.

"Hukuruka hata siku moja," akasema.

Akashuka nayo. Uwanja ulikuwa mtupu sasa, waliosalimia wamekwisha kubeba wagonjwa wao na kwenda zao, viti vyote vya mbele havina watu, isipokuwa kimoja. Sikitu alikuwa amebaki pale alipofungwa, kitenge cha zambarau kifuani, kichwa kimeangukia bega. Mama yake alikuwa amepiga magoti mbele yake, amemshika shingo iliyokwisha kupoa, na mkono ulikuwa hautoki.